Tumehesabiwa, Tumerudishiwa Nini? Mjadala wa Sensa Kutoka Chunyu

Hoja iliyowekwa mbele ya wazungumzaji ni hii: sensa ya watu humfaidisha anayehesabiwa kuliko anayehesabu.

Mahali ni Chunyu, katika ukanda wa Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi, nchi ya mikorosho, ufuta na mbaazi. Wazungumzaji ni watano, mbali na mwenyekiti wao. Mwandishi amewapanga kwa mfano wa watu wanaopatikana katika vijiji vingi vya kusini, kwa hiyo wanatajwa kwa kazi zao na si kwa majina. Tarehe, takwimu na matukio wanayoyataja ni ya kweli. Minada ya ufuta ya RUNALI, chama kikuu cha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, imekwisha, na mikorosho inaendelea kupulizwa salfa. Ni majira yaleyale ambayo makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba mwaka 2022.

Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu. Alifungua kwa kukumbusha kwamba tangu Muungano Tanzania imefanya sensa sita: 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ile ya kwanza ilikuta watu milioni 12.3. Ya mwisho ilikuta watu 61,741,120. Katika muda wa miaka 55 nchi imeongezeka mara tano, na kila aliyekuwepo amepita mikononi mwa karani. “Sasa,” alisema, “anayepinga hoja aanze, maana anayetetea ameshasikika sana redioni.”

Aliyesimama kupinga ni mkulima wa korosho mwenye mvi, mmoja wa wachache pale waliohesabiwa mara zote sita. Mwaka 1967 alihesabiwa akiwa mtoto katika makazi yaliyotawanyika porini. Mwaka 1978 alihesabiwa akiwa kijana katika kijiji cha nyumba zilizopangwa mistari, baada ya watu kukusanywa vijijini. “Kila mara tuliambiwa ni kwa ajili ya maendeleo,” alisema. “Nikajibu umri, elimu, paa la nyumba, choo, maji ninayokunywa. Karani akashukuru, akaondoka. Hajarudi mtu hata siku moja kunieleza walikuta nini. Mgeni anayekuuliza habari za nyumba yako yote, kisha asikuage, huyo mnamwitaje?”

Mzee huyo alikuwa na jambo jingine la kale zaidi. Kusini, kuhesabiwa kulianza kwa uchungu. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walihesabu vibanda ili watoze kodi, na kodi hiyo, pamoja na kazi za kulazimishwa, ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo Wamwera na Wangindo wa nchi hii walivipigana. Baadaye Waingereza wakaja na orodha zao za kodi ya kichwa. Hata baada ya Uhuru, mtu mzima alikuja kutozwa kodi ya maendeleo, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. “Babu zetu walikimbilia porini wakiona mtu mwenye kitabu,” alisema mzee. “Msitulaumu tukisitasita kufungua mlango.”

Wa kumjibu alikuwa binti aliyefanya kazi ya ukarani wa sensa mwaka 2022. “Babu, nimekusikia, na hofu hiyo nilikutana nayo milangoni,” alianza. “Lakini orodha ya kodi na sensa ni vitu viwili. Orodha ya kodi inakutafuta wewe kwa jina lako. Sensa inakuhitaji uwe mmoja katika jumla.” Akaeleza kwamba Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inamfunga karani kwa kiapo cha kutunza siri, na kwamba kinachotolewa hadharani ni majumla: watu wangapi, wa umri gani, wanaishi katika nyumba za aina gani. Akitoa habari za kaya ya mtu, karani mwenyewe ndiye mkosaji mbele ya sheria.

Mwenyekiti alimtaka aeleze kazi ilivyofanyika, kwa sababu watu wengi walimwona karani mlangoni tu na hawakuona yaliyotangulia. Binti akaanzia mbali. Miaka kadhaa kabla ya siku ya kuhesabu, nchi nzima hukatwa vipande vidogo, kila kimoja cha kiasi ambacho karani mmoja anaweza kukimaliza kwa siku chache. Mipaka hufuata vitu vinavyoonekana, kama njia, mto au korongo, ili kaya isiangukie katika maeneo mawili wala isibaki nje ya yote. Mwaka 2021 ikafanywa sensa ya majaribio ili kupima maswali na vifaa. Yakafuata mafunzo ya makarani, kisha Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza Jumanne ya tarehe 23 Agosti 2022 kuwa siku ya mapumziko.

“Swali kuu lilikuwa moja,” alisema. “Nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23?” Aliyekuwa mgeni alihesabiwa alikolala ugenini. Aliyekuwa hospitali alihesabiwa hospitali, na msafiri alihesabiwa na makarani waliopangwa kwenye vituo. Mtoto aliyezaliwa baada ya saa sita ya usiku ule hakuandikwa, na mzee aliyefariki baada ya saa hiyo aliandikwa. Kazi ya kupita nyumba kwa nyumba ilichukua siku kadhaa, lakini jibu lilibaki la usiku uleule mmoja, kwa sababu watu wanatembea, na bila kusimamisha saa mahali pamoja mtu mmoja angeweza kuhesabiwa Nachingwea Jumanne na Ruangwa Alhamisi.

Hapo mama mmoja, mkulima wa ufuta na mwanachama wa chama cha msingi, aliingilia. “Na mume mwenye wake wawili?”

“Alihesabiwa kwa mke aliyelala kwake usiku ule, mama. Mara moja tu.”

“Haya. Na mkuu wa kaya ni nani?”

Swali hilo halikuwa la mzaha. Jamii za ukanda huu, Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, kwa desturi zilihesabu ukoo upande wa mama, na hadi leo kuna wanaume wanaohamia kwa wakwe zao na kulima ardhi ya upande wa mke. Katika hali hiyo, alisema mama, karani akifika na kukuta mwanamume ameketi barazani, ataandika kwamba yeye ndiye mkuu hata kama ardhi, nyumba na maamuzi ya chakula ni vya mke. Binti alikubali kwamba karani huandika anayetajwa na wanakaya wenyewe, na kwamba mara nyingi kaya humtaja mwanamume kwa heshima tu. Mama akashika hapohapo: takwimu za kaya zinazoongozwa na wanawake hutumika kupanga mikopo na misaada, kwa hiyo heshima ya mdomoni inaweza kumpunguzia mwanamke haki yake kwenye karatasi. Mwenyekiti aliwaambia wasikilizaji wazi kwamba dawa ya kasoro hiyo iko mikononi mwa anayejibu, kwa kusema mambo yalivyo.

Mama hakuwa amemaliza. Mwezi Agosti, alisema, watu wengi hulala kwenye vibanda vya shambani kulinda mikorosho na kupuliza dawa. Nani anawafuata huko? Binti alijibu kwamba karani hutembea na kiongozi wa kitongoji, anayejua nani yuko shamba gani, na kwamba kishikwambi alichobeba karani kilinasa mahali kaya ilipo, hivyo msimamizi aliweza kuona upande ambao haujafikiwa. Baada ya zoezi, sampuli ya maeneo hurudiwa na watu wengine ili kulinganisha majibu na kupima waliosahaulika. Hakuna nchi inayohesabu watu wake wote bila kukosea hata mmoja. Nchi makini hujipima ilikosea kwa kiasi gani.

Kijana wa bodaboda alikuwa amenyamaza muda mrefu akichezea simu. Hoja yake ilikuwa ya zama hizi. “Mimi nina namba ya NIDA. Laini yangu imesajiliwa kwa alama za vidole. Nimo kwenye daftari la wapiga kura. Serikali inanijua mara tatu. Kwa nini itumie fedha zote zile kuja kuniuliza jina?”

Ni hoja yenye uzito, na kuna nchi zimeifuata. Mwenyekiti alitaja Denmark, ambayo mwaka 1981 ilifanya sensa kwa kutumia rejista zake peke yake, bila kugonga mlango hata mmoja. Alitaja pia Uholanzi, ambako sensa ya mwisho ya nyumba kwa nyumba ilifanyika mwaka 1971 baada ya raia wengi kuikataa, na Ujerumani Magharibi, ambako Mahakama ya Katiba iliisimamisha sensa ya mwaka 1983 mpaka faragha ya raia ilindwe, ikafanyika mwaka 1987. Lakini rejista za Denmark humwandika mtu tangu anapozaliwa, zikamfuata kila anapohama, zikamfuta anapofariki. “Sasa niambie, mwanangu,” alisema mwalimu. “NIDA humpa kitambulisho mwenye miaka kumi na minane na kuendelea. Daftari la wapiga kura vilevile. Mtoto wako wa miaka miwili yuko wapi kwenye vitabu hivyo?”

Kijana alifikiri kidogo. “Hayumo.”

“Na ndiye anayehitaji chanjo leo na dawati kesho.”

Muuguzi wa zahanati alilipokea neno hilo. Kwake sensa ni jambo la kila mwezi. Zahanati hupangiwa lengo la watoto wa kuchanjwa na wajawazito wa kuhudumiwa, na lengo hilo hutokana na idadi ya watu iliyopatikana katika sensa, ikiongezwa mwaka hadi mwaka kwa makadirio. Makadirio yakiwa chini ya hali halisi, mambo mawili hutokea. La kwanza, chanjo na dawa zinazoagizwa huwa chache kuliko watu wanaofika. La pili, taarifa huonyesha kwamba zahanati imechanja zaidi ya asilimia 100 ya watoto, na ofisi ya juu inaona kazi imekwisha ilhali kuna watoto vitongojini ambao hawajaguswa na sindano. “Namba mbaya haikai ofisini, mzee wangu,” alimwambia mkulima. “Inatembea mpaka kwenye jokofu langu la chanjo.”

Mzee hakuridhika. Alisema kama makadirio yapo, wataalamu wakadirie tu. Hapo mwenyekiti akafungua daftari na kuwapigia hesabu inayowahusu wenyewe.

Sensa ya 2012 ilikuta watu 864,652 mkoani Lindi. Kati yao 178,464 walikuwa wilaya ya Nachingwea na 131,080 wilaya ya Ruangwa. Tangu 2002 mkoa ulikuwa umeongezeka kwa kasi ya asilimia 0.9 tu kwa mwaka, ilhali Taifa lilikua kwa asilimia 2.7. Lindi ikajulikana kama mkoa usiokua: vijana wanahamia Dar es Salaam, vijiji vinabaki na wazee. Mtu ambaye angeichukua kasi ile na kuisogeza mbele miaka kumi, angetarajia kukuta watu wapatao 946,000 mwaka 2022. Makarani walipomaliza walikuta watu 1,194,028. Tofauti ni karibu watu 248,000, zaidi ya wakazi wote wa Nachingwea wa mwaka 2012. Kwa miaka hiyo kumi Lindi ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 38, ikaipita kidogo hata kasi ya nchi nzima.

Walitoka wapi? Wazungumzaji walitaja mambo kadhaa bila kudai kwamba wameyapima: bei ya korosho na ufuta iliyowavuta watu kurudi shambani, wafugaji waliohamia kusini baada ya kuondolewa bonde la Ihefu katikati ya miaka ya 2000, barabara zilizoboreka, na huenda pia uhesabuji makini zaidi kuliko wa 2012. Kuna jambo moja lisilobishaniwa. Bila kwenda kuhesabu, watu robo milioni wa mkoa huu wangepangiwa madarasa, dawa na visima kana kwamba hawajazaliwa au hawajafika.

Mzee alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza swali gumu kuliko yote: je, namba yenyewe haiwezi kuchezewa na wenye nguvu?

Inaweza, na mwenyekiti hakulificha hilo. Kenya ilipotoa matokeo ya sensa ya 2009, waziri aliyehusika, Wycliffe Oparanya, alitangaza mwezi Agosti 2010 kwamba takwimu za wilaya nane za kaskazini zimefutwa kwa sababu ongezeko lake halikuelezeka. Mzozo uliofuata ukafika mahakamani, maana idadi ya watu huamua mgao wa fedha na uzito wa jimbo. Nigeria ilivurugana juu ya sensa za mwaka 1962 na 1963, kila upande ukiushuku mwingine kwamba umejaza hewa, na sensa yake ya mwisho ni ya 2006. Pale ambapo idadi inagawa madaraka moja kwa moja, kishawishi cha kuikuza ni kikubwa. Ndiyo maana hapa Tanzania mjadala wa maswali ya kabila na dini haujawahi kuwa mwepesi.

Dodoso la mwaka 1967 liliuliza mambo hayo mawili. Yaliyofuata hayakuuliza. Mwaka 2012 baadhi ya vikundi vya Waislamu vilidai swali la dini lirudishwe na kuwataka wafuasi wao wagome, na zoezi likapata misukosuko. Katika mjadala huu mama wa ufuta aliona madai yale yalistahili kusikilizwa: asiyehesabiwa kwa jina lake hawezi kuthibitisha kwamba amesahauliwa. Akatoa mfano wa ndugu walio karibu na watu wa Lindi, Wamakonde wa Kwale nchini Kenya, ambao waliishi miongo mingi kama wageni wasio na vitambulisho, mpaka walipotambuliwa rasmi kama kabila la 43 mwaka 2017, baada ya kuandamana kwenda Nairobi mwaka uliotangulia. Kwao, kutajwa na kuandikwa kulikuwa mlango wa haki ya kusoma, kumiliki na kupiga kura.

Karani alimpinga kwa mfano wa Lebanon. Nchi ile hugawana vyeo vikuu kwa madhehebu, na mgawanyo huo uliegemea sensa ya mwaka 1932. Tangu hapo haijafanya sensa nyingine rasmi, kwa sababu kila kundi linaogopa kitakachosemwa na namba mpya. “Swali moja likageuka kufuli la mlango mzima,” alisema. “Mimi nilipita nyumba za Waislamu na Wakristo wanaochota maji kisima kimoja. Kinachowapungukia ni kilekile.” Hapo hawakuafikiana, na mwenyekiti hakuwalazimisha.

Walichoafikiana ni hatari ya kutohesabu kabisa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Mtu aliyezaliwa Bukavu au Goma mwaka uliofuata amevuka miaka arobaini bila kuingia katika sensa yoyote ya nchi yake. Vita vimewahamisha mamilioni, na wanaopanga chakula, kura na shule hufanya kazi kwa kukisia. Hapa nyumbani, hata Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu, mbunge wa Ruangwa na mwenyekiti wa kamati ya Taifa ya sensa ya 2022, asingeweza kulitetea jimbo lake kwa kukisia.

Wazungumzaji walipomaliza, mzee alibadili msimamo wake kwa nusu, na nusu hiyo inastahili kuandikwa. “Nakubali nihesabiwe,” alisema. “Sikubali kuachwa gizani baada ya kuhesabiwa.” Alieleza kwamba vishikwambi vya sensa viligawiwa walimu baada ya zoezi, jambo jema. Lakini kifaa kilirudi kijijini na takwimu za kijiji hazikusomwa mbele ya watu.

Hukumu ya mwenyekiti ilikwenda hivi. Hoja imepita, kwa sharti. Sensa humfaidisha anayehesabiwa kuliko anayehesabu pale tu matokeo yanapomrudia, akayajua na kuyatumia kudai. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya. Mwananchi asiyejua kata yake ina watu wangapi atadai hayo kwa malalamiko, na malalamiko huahirishwa kirahisi. Anayejua idadi ya watoto walio chini ya miaka mitano katika kata yake anakwenda na hesabu ambayo Serikali yenyewe iliikusanya, na kuikana hawezi.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu imechapisha idadi ya watu ya mwaka 2022 mpaka ngazi ya kata, Chunyu ikiwemo. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Nchi hii imekuwa ikihesabu watu kila baada ya miaka kumi, na kwa mwendo huo sensa ijayo ni ya 2032. Msomaji uliyeko Chunyu, Nachingwea au popote, mkutano ujao ukifika simama umwombe mtendaji asome takwimu za kata yenu mbele ya wote, ziandikwe kwenye muhtasari, na bajeti inayofuata ya kijiji ianze kujadiliwa kutoka hapo.